Jiko Lisilojizima

"Haya mama, nusa mwenyewe. Likiwa linavuja, nakupa bure."

Muuzaji alikuwa ameunganisha mtungi wa gesi kwenye jiko, akahakikisha swichi zote zimefungwa, kisha akasogea kando na kumwonyesha Mama Pua jiko lile kwa kiganja, kama anamkaribisha sebuleni. Walikuwa uani kwake, katikati ya majokofu yasiyo na milango, masinki ya bati na viti vya hoteli vilivyobebana mpaka juu ya ukuta. Vyote vilikuwa vitu vya watu waliofunga biashara. Jiko lenyewe lilikuwa zito, la chuma, mioto sita, lenye alama za masizi ya mpishi fulani ambaye sasa anafanya kazi nyingine.

Mama Pua aliinama. Mumewe alisimama nyuma yake, tai shingoni, anatabasamu kama baba ambaye mwanawe anaitwa kupokea zawadi. Watu walimwita Meneja kwa sababu ya hiyo tai. Mgahawa wao ulikuwa na meza chache na wafanyakazi watatu wa nyumba moja: yeye kaunta, mkewe jikoni, na dada yake Meneja, aliyefiwa na mume, kwenye vyombo na kuhudumia wateja.

Na kwa nini Mama Pua? Kwa sababu hakuwahi kuonja. Alikuwa anafunua sufuria, ananusa mara moja, anasema, "Chumvi bado," na kweli ikawa bado. Kuna wateja waliokuwa wakiacha chakula kipoe ili wasimame kwenye dirisha la jikoni wamtazame akinusa. Jina likamganda, naye akalipenda.

Sasa nisikie vizuri, maana hili ndilo jambo lenyewe. Tangu ile homa ya mwanzoni mwa mwaka, pua hiyo ilikuwa imekufa. Haikuziba wala haikuuma. Ilikufa tu, na hakuna binadamu aliyeambiwa. Mbele ya wateja aliendelea kufunua sufuria na kunusa, halafu akaingia stoo na kijiko, akaonja nyuma ya mlango kama mtoto anayeiba sukari.

Basi pale kwa muuzaji akanusa maungio ya bomba. Akanusa kushoto, akanusa kulia. Ubaridi wa chuma ndio pekee alioupata.

"Leteni maji ya sabuni," alisema.

"Ya nini tena?"

"Tupake kwenye maungio. Kama linavuja tutaona mapovu."

Muuzaji alicheka mpaka wabeba mizigo wake wakamfuata kucheka. "Meneja, huyu mkeo vipi? Pua anayo, inajulikana mji mzima, bado anataka mapovu?"

"Mke wangu," Meneja alimnong'oneza, "unatuaibisha."

Lakini maji ya sabuni yaliletwa ndani ya kopo, na Mama Pua akapaka mwenyewe kwa kitambaa, amepiga magoti kwenye kokoto. Alipaka mpira, akapaka regulata, akapaka bomba la nyuma. Hakuna povu lililotoka. Kwenye shingo za swichi hakupaka, na hakuna aliyemkumbusha. Nalisema mapema ili baadaye usiseme nilikuficha.

"Safi," alisema, na kuinuka.

"Ila niwe mkweli kwenu," muuzaji alisema, akifuta jasho. "Hili ni la zamani. Hayo mambo ya kisasa ya kujizima halina. Upepo ukizima moto, gesi inaendelea kutoka. Mtu mwingine ningemwambia ajihadhari. Nyie mna kengele yenu." Akamnyooshea Mama Pua kidole puani.

Wanaume wote walicheka. Mama Pua akacheka nao.

*

Ni yeye aliyeng'ang'ania wapite na duka la majiko mapya. Mlinzi mlangoni aliwauliza wanakwenda wapi, na duka lilikuwa ni hilo moja. Ndani kulikuwa na ubaridi wa mashine na sakafu inayoteleza. Meneja alitembea kama mtu anayeogopa kuacha alama za viatu.

"Samahani mama, kioo hicho hakiguswi," alisema binti wa mauzo. Mama Pua akarudisha mkono mfukoni.

Jiko jipya lilikuwa jembamba, mioto minne tu. Binti aliwasha mmoja, akainama, akaupuliza. Moto ukazimika. Baada ya muda mfupi kukasikika sauti ndogo ndani ya jiko: tak.

"Hapo limejifunga. Gesi haitoki tena, hata ukilala."

"Rudia," Mama Pua alisema.

Binti akarudia. Tak.

"Rudia tena."

"Mke wangu, si umeona?" Meneja alisema, akimwangalia binti kwa jicho la kuomba radhi. Lakini Mama Pua alikuwa ameegemeza sikio kwenye jiko. Sauti ile ilimwingia vizuri kuliko muziki. Alikuwa na masikio bado, na jiko hili lilikubali kusema na masikio. Alitamani kulikumbatia pale pale, mbele za watu.

Kisha Meneja akauliza bei, naye akaambiwa. Akaiweka sawa tai yake ambayo ilikuwa sawa.

"Kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo," binti alisema kwa upole. "Unahitaji tu hati ya mshahara."

"Mimi nina mgahawa wangu. Mimi ndiye ninayelipa mishahara."

"Ndiyo, baba. Basi umpate mtu mwenye mshahara akudhamini. Hata kama ni jirani."

Meneja alishukuru. Alishukuru mara nyingi mno, mpaka wakatoka nje na bado anashukuru. Walipovuka barabara akamgeukia mkewe.

"Wewe uliona mshipa wa shingo ulivyonisimama?" aliuliza.

"Tuchukue lile," mkewe alisema.

"Kwa pesa zipi?"

*

Pesa walizokuwa nazo zilitosha jiko la mtumba na ada ya binti yao. Au zilitosha jiko jipya peke yake. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na hata ungezigeuza vipi zisingezaa.

Binti yao alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na nyumbani walikuwa wameshaanza kumwita Nesi. Mwaka uliopita nafasi kama hiyo ilimponyoka kwa kukosa ada. Safari hii chuo kilikuwa kimesema wazi: mwisho ni Ijumaa, asiyelipa anaachia mwingine.

Jioni hiyo walikula wote kwenye mkeka, wali uliopikwa kwa mkaa kwa sababu jiko lao la siku zote lilikuwa limetoboka na fundi alikataa kuligusa.

"Jipya linapika wali gani ambao la mtumba haliwezi?" aliuliza wifi mtu, yaani dada yake Meneja. Mdomo wake haukuwa na breki, lakini hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyekaa miaka mingi kwenye nyumba ya kaka yake na kuona kila kitu kwa jicho la mgeni. "Au ni hicho kioo cha kujitazamia?"

"Wifi, ni usalama. Linajizima lenyewe."

"Usalama! Mwenye pua kama yako anataka jiko la kumnusia? Wewe wifi, sema tu umelipenda. Kupenda si dhambi."

"Dada, basi," Meneja alisema, lakini bila nguvu. Alikuwa anakubaliana naye.

"Nasema ukweli wangu. Mtu akiingia jikoni hana pua, huyo si mpishi, ni mzigo. Lakini wewe? Wewe unavuta harufu ya tonge tangu njia panda."

Mama Pua alitafuna wali ambao kwake ulikuwa kama karatasi iliyolowa. Akatafuta la kusema. Akasema jiko la mtumba linakula gesi nyingi. Meneja akasema mtungi utajazwa mara moja zaidi, kwani shida iko wapi. Mama Pua akasema chuma kizee hupata kutu. Wifi akasema atakisugua yeye.

Nesi alikuwa anachora mistari kwenye wali kwa vidole. "Kama lile jipya ni muhimu," alisema, haangalii mtu, "mimi naweza kusubiri mwaka mwingine."

"Hapana!" Mama Pua alisema, kabla hata hajafikiri. Wote wakamwangalia.

"Basi tumemaliza," Meneja alisema, akainuka kunawa.

*

Asubuhi, kabla mumewe hajaondoka kwenda kulipia, Mama Pua alimfuata jikoni mgahawani. Meneja alikuwa anapima kwa hatua mahali jiko la mioto sita litakapokaa, na alikuwa na furaha.

"Baba Nesi. Sisikii harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya kitu chochote. Tangu ile homa."

Akacheka. Alimwangalia mkewe, akaona hatanii, bado akacheka kidogo. Kisha akaenda akafunga mlango.

"Fumba macho."

"Baba Nesi, jamani..."

"Nimesema fumba."

Akafumba. Alisikia kisu kikikata kitu, akahisi unyevu karibu na mdomo wake.

"Hiki nini?"

"Sijui. Kitunguu, maana macho yananiwasha."

"Hiki?"

"Sijui."

Ilikuwa sabuni ya unga. Meneja alizunguka jikoni, anafungua makopo, anayafunga. Alichukua kitambaa cha kuwashia mkaa, kimelowa mafuta ya taa, akakikunja. Yeye mwenyewe aligeuza uso pembeni kwa ukali wake. Akakiweka chini ya pua ya mkewe mpaka kikagusa.

"Na hiki?"

"Umeshaweka?" aliuliza Mama Pua.

Meneja akashusha mkono. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa na kuiachia tai ikaning'inia mapajani. Miaka yote amekuwa akiwaambia wateja, nendeni mkamwone mke wangu anavyonusa. Juzi tu aliwaambia.

"Hospitali ulikwenda?"

"Nilikwenda. Ile siku nilisema nakwenda kuchagua mchele. Wakasema inaweza kurudi, inaweza isirudi. Nisubiri."

"Na pale kwa muuzaji ulinusa nini?"

"Nilikuwa naigiza."

"Kwa nini hukuniambia, mke wangu?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Alikuwa mwanaume mwenye moyo, hilo nalitetea. Alisimama, akajifuta suruali. "Basi tunachukua jipya. Kwisha. Siwezi kukuweka mbele ya jiko lile."

Mama Pua alitaka kufurahi, furaha haikuja.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa na Nesi akaingia, amevaa viatu vyeupe vya uuguzi alivyoazimwa na jirani aliyemaliza chuo. Alitembea kutoka sinki mpaka stoo na kurudi, amenyoosha shingo kama yuko wodini.

"Baba, vinanibana kidogo hapa mbele, lakini vitafunguka. Si vitafunguka?"

"Vitafunguka," baba yake alisema. "Vimekupendeza sana."

"Mama, unaonaje?"

"Kama nesi mkuu," alisema mama yake.

Nesi akacheka, akatoka akiangalia miguu yake. Wazazi wakabaki wamesimama. Hakuna aliyetamka tena neno "jipya", na neno "mtumba" nalo halikutamkwa.

"Nitakaa na wewe humu," Meneja alisema hatimaye. "Kaunta atakaa dada. Nitakunusia mimi."

"Watu watasema nini?"

"Watasema wanavyotaka. Muhimu dada asijue. Akijua yeye, mpaka jioni soko zima limejua."

"Siku zote utakaa?"

"Siku zote."

*

Jiko la mtumba likaja mgongoni mwa mkokoteni, Nesi akaenda chuo akiwa na sanduku la kuazima, na Meneja akahamia jikoni. Alijiwekea kigoda baina ya jiko na mlango wa nyuma. Tai aliivaa kama kawaida, ila aliichomeka ndani ya shati isije ikaungua. Dada yake aliambiwa kaka anadhibiti matumizi, na kwa kuwa amepewa kaunta hakuuliza zaidi. Alipaka rangi ya mdomo na kuanza kuwaita wateja "mpendwa".

Wateja nao hawakukosa la kusema. Kulikuwa na fundi wa gereji ya jirani, wanamwita Spana, aliyekuwa akichungulia dirishani kila mchana.

"Meneja, siku hizi unamlinda mke asiibiwe?"

"Nadhibiti matumizi."

"Au amekupeleka darasani? Kesho tutakuta umevaa kanga!"

Chumba kizima kinacheka. Meneja anacheka pia, anageuza kigoda, anarudi kunusa.

Na sitaki useme walikuwa na huzuni muda wote, maana si kweli. Mle ndani kulizaliwa kitu. Meneja, ambaye kwa miaka yote hakujua kitunguu kinakaangwa vipi, alianza kumsimulia mkewe harufu. "Sasa kimeacha ukali," alikuwa akisema, amefumba macho. "Kinaanza utamu. Bado... bado... hapo! Weka nyanya." Naye anaweka nyanya. Wakati mwingine alikosea, wakacheka kimyakimya wasisikike kaunta. "Wali unanukia kama nguo iliyopigwa pasi," alimwambia siku moja, na Mama Pua akafungua haraka kabla haujashika chini. Walikuwa hawajazungumza hivyo tangu walipooana.

Alimsimulia harufu zote. Zote, isipokuwa moja, na hiyo hakumficha kwa makusudi.

*

Kisha mvua zikaja, na Meneja akashikwa na mafua.

Aliamka pua zote mbili zimeziba. Alijifukiza maji ya moto chini ya shuka, akatafuna pilipili mpaka machozi yakamtoka, akapiga chafya mpaka mbavu zikauma. Pua haikufunguka hata upenyo wa sindano.

"Leo tusifungue," Mama Pua alisema.

"Na chakula cha watu wa mkutano?"

Ofisi moja ilikuwa imeagiza chakula cha mchana, imelipa nusu, na hiyo nusu ilikuwa tayari ni nyama iliyolala kwenye barafu. Hawakuwa na cha kurudisha. Wakaenda.

Jikoni mvua ilikuwa inapiga kutoka nyuma. Ukiacha mlango wazi, upepo utazima moto. Ukiufunga, gesi ikivuja haina pa kutokea. Walisimama wakaujadili mlango ule kama watu wazima wanaojadili posa. Mwishowe wakaufunga. Dirisha la kutolea chakula nalo lilikuwa limefungwa na ubao, kwani wateja walilalamika wanarushiwa maji. Meneja alifungulia mtungi, kama alivyofanya kila asubuhi, wakaanza kukata nyama. Ilikuwa nyingi. Walikata, wakaosha mchele, wakamenya vitunguu, huku wifi akigonga ubao kuuliza chai.

"Inakuja!" Meneja aliitikia kwa sauti ya puani. Akachukua kiberiti, akatoa njiti.

"Ngoja," mkewe alisema. "Unasikia kitu?"

Akavuta pumzi. Pua ikalia kama filimbi iliyojaa mchanga. "Sisikii. Kwani wewe unasi..." Akakatiza.

Waliangaliana. Mama Pua alivuta hewa kwa nguvu, mumewe akavuta, wote wawili wameinua vichwa, na kwa sekunde moja walitaka kucheka jinsi walivyokuwa wanaonekana. Cheko halikuja. Hofu ndiyo iliyokuja.

"Kila siku tunawasha, hakuna kitu," Meneja alinong'ona. "Mbona leo kiwepo?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema sijui!"

"Wateja wanataka chai, mama."

"Usiwashe." Akamshika kifundo cha mkono, njiti bado iko katikati ya vidole. "Mwite wifi aje anuse."

"Atajua."

"Ajue."

"Ukishamwita hutarudi tena humu kama mpishi. Unalijua hilo?"

"Nalijua!" Mama Pua alisema, na machozi yakaanza kumtoka hapo hapo.

Meneja hakuweza kumwita. Alibaki ameshika njiti yake. Basi Mama Pua akaenda mwenyewe. Aliuvuta ubao wa dirisha, na nyuso zote za wateja zikamgeukia: mafundi wa gereji, walimu wawili, mama wa duka la vitambaa.

"Wifi," alisema, "naomba uje unuse."

"Ninuse nini?"

"Jiko. Kama linavuja."

Spana alipiga meza kwa kiganja. "Haya sasa! Mama Pua anatafuta pua! Ile yako umeikopesha nani?"

"Haipo," alisema Mama Pua. "Imekufa tangu mwanzo wa mwaka. Nimekuwa nikiwadanganya."

Wachache wakacheka, wakidhani ni utani, wakajikuta wanacheka peke yao. Lakini hewa ya jikoni ilikuwa imeshapita dirishani. Mama wa duka la vitambaa ndiye aliyefunika pua kwanza. Spana akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Gesi! Jamani, gesi! Mtu asiwashe kitu! Tokeni!"

Meza zikasukumwa, vikombe vikavunjika, mlango ukawa mdogo. Wote walikimbilia nje. Aliyekimbilia ndani ni mmoja tu, naye ni wifi, na rangi yake ya mdomo, anapiga kelele, "Kaka! Tupa hiyo njiti!" Akafunga mtungi, akaupiga teke mlango wa nyuma ukafunguka, akawavuta wote wawili kwa nguo mpaka kwenye mvua.

*

Mvua ilipopungua Spana alirudi na maji ya sabuni. Alipaka mpira, regulata, bomba. Hakuna povu. Akapaka shingo za swichi, na kwenye ya tatu mapovu yakatoka, makubwa, yanapasuka na kuzaliwa upya.

"Hii imelika siku nyingi," alisema. "Mmelala nayo muda gani? Hamkuwa mkisikia harufu asubuhi mkifungulia mtungi?"

Mama Pua akageuka kumtazama mumewe.

"Nilikuwa naisikia," Meneja alisema.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Nilidhani ndivyo majiko ya gesi yanavyonukia yakiamka. Mimi nimekaa jikoni lini? Sikujua kuwa hilo ni jambo la kukwambia."

Mama Pua hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi? Yeye angeijua harufu ile hata usingizini, lakini asingeisikia. Mumewe aliisikia kila siku wala hakuijua. Na hivyo ndivyo walivyokuwa wamekaa pembeni ya jiko lile, wanacheka.

Meneja alimpigia simu muuzaji. Muuzaji alikuwa mpole sana.

"Meneja, ndugu yangu, mimi nilimwambia anuse. Mkeo alinusa mwenyewe, mbele ya watu wangu, akasema safi. Sasa nikusaidie vipi?"

Baadaye watu wa ofisi nao wakapiga. Meneja aliiangalia simu ikilia mpaka ikachoka. Wateja walikuwa wameondoka. Mwalimu mmoja alirudi kudai pesa ya chai ambayo hakuinywa, akapewa, akaomba samahani, akaenda zake. Spana alisema swichi inaweza kubadilishwa, yeye mwenyewe ataitafuta. Hakutania. Hilo lilimuuma Mama Pua kuliko kelele zote, maana Spana hakuwahi kupita pale bila kutania.

Chini ya paa la nyuma wakabaki watatu. Wifi alikuwa ameegemea ukuta, amelowa, rangi ya mdomo imemshuka mpaka kidevuni. Wote walingoja aseme, maana alikuwa na haki ya kusema na mdomo wa kusemea. Aliangalia nyama iliyokatwa, akaangalia mchele uliooshwa.

"Kesho nitapika mimi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hawakuizoea. "Swichi ikishabadilishwa. Nami naliogopa hilo jiko, msifikiri siliogopi."

Meneja alipiga chafya.

Mama Pua akapeleka mikono nyuma kufungua aproni yake. Kamba ilikuwa imelowa, fundo limekaza. Akavuta, vidole vikateleza. Akajaribu tena, mabega yakaanza kumtikisika, fundo likazidi kukaza.

Wifi alikuja nyuma yake. "Acha, utalikaza zaidi," alisema. "Tulia, wifi, nikufungue."

Mama Pua akashusha mikono, akasimama, akafunguliwa.